Mshono Usio na Akiba

Kila alichoshona, tangu alipojua kushika mkasi hadi leo hii, Fundi alikiachia vidole viwili. Alitandaza kitambaa mezani, akapiga chaki mstari wa kipimo, kisha akabandika vidole viwili vya mkono wa kushoto nje ya ule mstari, na hapo ndipo alipokata. Mafundi wenzake waliacha kidole kimoja. Wengine, wale wa kubana kitambaa cha mteja ili wabaki na vipande vya kushonea foronya, waliacha kiasi cha ukucha. Yeye ni vidole viwili, mteja awe bibi harusi au mtoto wa chekechea. Ndani ya kila gauni lililotoka mikononi mwake kulikuwa na kitambaa kilicholala kimya kando ya mshono, kikisubiri siku ya kufumuliwa.

"Fundi, humu ndani umeniachia shuka zima," wateja walimtania.

"Nimekuachia uzazi na uzee," aliwajibu, pini zikiwa midomoni. "Utanishukuru."

Mdogo wake wa kike alikulia ndani ya nguo hizo. Mama yao alipofariki, Fundi ndiye aliyebaki na cherehani nyeusi ya kukanyaga na mtoto wa kulea, na kwa miguu yake miwili juu ya ubao wa cherehani ile alimlea mdogo wake, akamsomesha hadi chuo, akamwona akiwa mwalimu. Sare moja ya shule ilifumuliwa pindo mwaka hadi mwaka mpaka rangi ya chini ikawa tofauti na ya juu kama ramani ya miaka. Mwalimu hakuwahi kuona haya kwa hilo. Mpaka leo akimwona mtoto mwenye pindo la rangi mbili, moyo wake hulegea.

Lakini katika watu wote, aliyevihitaji zaidi vile vidole viwili alikuwa Fundi mwenyewe. Alinenepa taratibu, kama watu wanavyozeeka, bila siku maalumu. Kila baada ya muda alifumua magauni yake mwenyewe, akaachia kidogo, akashona upya. Akiba ilipokwisha, alianza kutia vipande vya ubavuni. Kaka yao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimwita Bonge tangu utotoni, na Fundi aliitika bila kinyongo. Mwili wenyewe haukumsumbua. Alikuwa mtu wa kucheka, mtu wa kujaza chumba, na wateja walipenda kukaa kwake hata wasipokuwa na nguo ya kushona.

Magoti ndiyo yaliyomgeuka. Kwanza goti la kulia lilianza kuuma alipokanyaga cherehani, akahamia kwenye ile ya umeme aliyoinunua kwa jasho lake, ambayo ilitaka kuguswa tu na ncha ya kiatu. Ile nyeusi akaifunika kwa khanga. Kisha la kushoto nalo likafuata mwenzake. Ikafika mahali kutoka mezani hadi kwenye pasi ni safari, na kusimama kumpima mteja mabega ni lazima ashike ukingo wa meza. Sukari ikapanda, presha ikapanda. Daktari wa mifupa akamwambia wazi kwamba magoti yale hawezi kuyapasua mpaka mzigo upungue, na mzigo usipopungua, mwaka mmoja au miwili hivi atakuwa anashonea kitandani.

"Kitandani hakuna meza ya kukatia," Fundi alimwambia mdogo wake jioni ile. Mwalimu alimjua dada yake, na alisikia kilichokuwa ndani ya yale maneno. Fundi asiyeweza kusimama mbele ya kitambaa ni nani?

Kujaribu alikuwa amejaribu. Alikunywa maji ya ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Alitembea alfajiri mpaka magoti yakamkatalia. Alinunua chai ya majani ya mtu fulani aliyehubiri sokoni kwa kipaza sauti, ikamwendesha siku nzima na kumpunguzia heshima tu. Kilo zilipungua, kisha zikarudi na jamaa zao. Ndipo daktari wa sukari alipomtajia upasuaji wa kupunguza tumbo, na Fundi akalichukua lile neno akalipeleka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Mazungumzo yalifanyika sebuleni kwa kaka mtu, televisheni ikiwa imezimwa, jambo la nadra.

"Hebu nieleweshe, Bonge," alisema kaka. "Unawalipa watu wakukate tumbo ili usile. Mimi si naweza kukufunga mdomo bure, hata leo?"

"Nimefunga, kaka. Ule mwezi niliofunga nikaanguka bafuni, nani alinibeba?"

Kaka mtu akatazama dari. Ni yeye aliyembeba.

"Na mgongo ukamuuma mpaka akaacha kuja mezani kula," alidakia wifi yao kutoka jikoni. "Usijifanye umesahau, baba watoto."

"Nisikilizeni," Fundi alisema. Alikuwa ameketi pembeni ya kochi, mkongojo umelala mapajani. "Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kuwaambia. Nataka kusimama mezani kwangu."

Mwalimu ndiye aliyeogopa kuliko wote, na kwa kuwa ni msomi, hofu yake ilikuja imevaa hoja. Alisoma habari za watu waliovuja ndani, waliopata damu iliyoganda, waliorudi kunenepa baada ya kulipa kila walichokuwa nacho. Alimsomea dada yake yote. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, huku anatia kifungo.

"Na waliopona hawakuandikwa?" aliuliza.

Bima haikulipa. Walikwenda wote wawili kwenye ofisi yenye viti vya plastiki na dirisha la kioo, na karani, kijana mwenye tai fupi, akawaambia kwa upole kwamba upasuaji ule wanauhesabu kama urembo.

"Urembo?" Fundi aliegemea dirisha, mkongojo kwapani. "Mwanangu, nitazame vizuri. Hivi mimi nimekuja hapa kutafuta mchumba?"

Foleni nzima ilicheka, hata karani mwenyewe. Jibu halikubadilika.

Basi Fundi akauza ile cherehani ya umeme. Mnunuzi alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara, bwana mmoja mwembamba aliyeitamani miaka mingi na ambaye, kwa haki yake, hakumpunja kwenye bei. Mwalimu akachukua mkopo kazini, wa kukatwa kwenye mshahara. Kaka mtu, mwenye ulimi mkali kuliko moyo wake, akaja na bahasha ya pesa za kitanda na dawa, akaitupa mezani kama mtu aliyekasirika, akaondoka bila kunywa chai.

"Dada, fikiria tena," Mwalimu alimsihi siku mashine ilipobebwa. Pale ilipokaa palibaki alama nne sakafuni. "Ya umeme haikudai miguu. Sasa umebaki na hii ya mama, na hii huwezi kuikanyaga. Ukikatwa na magoti yakakataa?"

Fundi aliitazama cherehani nyeusi chini ya khanga yake.

"Ndiyo maana nimeiuza ile," alisema. "Ingekuwapo, ningekuwa na pa kukimbilia."

Mwalimu alilibeba jibu lile hadi nyumbani kwake na hakulipenda. Mtu wa vidole viwili hakuwa mtu wa kusema maneno kama yale.

Siku mbili kabla ya upasuaji, daktari mpasuaji aliwaita ofisini awaeleze. Alikuwa na kalamu na karatasi, akachora tumbo kama mfuko uliolala upande, kisha akapiga mstari kutoka juu hadi chini.

"Tunachukua upande huu wote," alisema. "Kinachobaki ni kama mrija, unene wa ndizi."

Fundi akavuta karatasi karibu. Kwa mara ya kwanza tangu safari ile ianze, mtu alikuwa anazungumza lugha yake.

"Kumbe mnapunguza ubavu tu."

"Unaweza kusema hivyo."

"Mnakunja au mnakata?"

"Tunakata. Tunabana kwa pini ndogo za chuma, safu kwa safu, halafu tunatoa kile kipande."

"Na akiba?"

Daktari hakuelewa. Fundi akaweka vidole viwili kando ya ule mstari wa kalamu, kama alivyofanya maisha yake yote juu ya kitambaa.

"Hapa nje. Mnaacha kiasi gani, ikitakiwa kufumua?"

"Ah." Daktari akaweka kalamu chini. "Hakuna, mama. Huu haufumuliwi. Tukikata, tumekata."

Mwalimu alimwona dada yake akiogopa, jambo ambalo hakuliona siku ya msiba wa mama yao wala siku za kuhangaikia ada yake. Vidole vilibaki pale juu ya karatasi kwa muda. Kisha Fundi akaviinua, kimoja baada ya kingine, akavikunja ndani ya ngumi.

"Basi kata sawasawa," alisema. "Usipindishe."

Walikata sawasawa. Alikaa hospitali siku chache, akarudi na matundu madogo tumboni yaliyofungwa plasta na masharti ambayo wifi yao aliyabandika ukutani. Uji mwepesi kwanza, tena kwa kijiko cha chai. Kisha vilivyopondwa. Kisha kidogo kidogo chakula cha watu, mayai na samaki na maharage mbele, wanga nyuma. Maji mbali na chakula. Vidonge vya vitamini kila siku ya Mungu mpaka kaburini. Sahani yake ikawa kisosi. Mwanamke aliyekuwa akipakuliwa wa kwanza katika kila shughuli sasa alimaliza vijiko vichache na kuweka mkono kifuani, akipumua taratibu, kwa kuwa kijiko kimoja cha kuzidi kilirudi na vyote vilivyotangulia.

Si kwamba hamu ilikatwa pamoja na tumbo. Siku moja kwenye harusi ya binti wa mteja alikula kipande cha keki, kwa heshima tu, sukari ikalishinda lile tumbo dogo, akatetemeka na kutoka jasho mpaka wakamlaza kwenye chumba cha kuwekea viatu. Mwalimu alimpepea kwa kadi ya mwaliko.

"Nilimshonea gauni la vishikizo mia," Fundi alinong'ona, macho yamefumbwa. "Na keki yenyewe ilikuwa kavu."

Alianza kupungua, na kupungua kukamletea jambo ambalo hakuna daktari aliyelitaja. Mashavu yaliingia. Nywele zilitoka kwa mafungu, akazikuta zimejiviringa kwenye bobini ya uzi. Ngozi ya mikono ilining'inia kama shati la kuazima. Wateja walitazama, wakahesabu kwa jinsi wanavyohesabu watu, wakapata jibu lao. Mmoja alituma mtu kuchukua kitambaa ambacho hakijashonwa. Mwingine aliacha kukaa, akasimama mlangoni. Akina mama waliozoea kumaliza mchana pale wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, na fundi wa ng'ambo akapata kazi nyingi mpaka akaona aibu.

Ndipo alipoingia mama mmoja wa mtaa, mama wa mapacha, maarufu kwa kujua habari kabla hazijatokea.

"Pole, Fundi wangu," alisema kwa sauti ya msibani. "Siku hizi dawa zipo. Watu wanaishi na hiyo kitu miaka na miaka."

"Kitu gani, mama mapacha?"

"Si lazima useme. Sisi tunaelewa."

Mwalimu alikuwa pale, anasahihisha madaftari ya wanafunzi pembeni ya pasi, na alitaka ardhi ipasuke. Fundi alitoa pini midomoni, akazichoma moja moja kwenye mto wake, akasimama, akainua blauzi hadi mbavuni.

"Njoo hapa. Njoo karibu, usiogope, haiambukizi. Unaona hivi vimakovu? Nilikatwa tumbo. Nililipa mwenyewe, nikauza mashine yangu. Mkono wa daktari si mbaya, ila angekuwa mwanafunzi wangu ningemfumulia hapa pembeni. Umeona? Sasa kawaambie vizuri, na usipunguze neno."

Mama mapacha hakupunguza neno. Kesho yake chumba kilijaa. Wengine walileta vitambaa, wengine walileta macho tu, na wawili walibaki nyuma ya wenzao kuuliza kwa sauti ya chini ni hospitali gani, na je, inauma.

Kosa lililofuata lilikuwa la Mwalimu. Kwenye kliniki ya kila baada ya miezi mitatu, nesi mkuu alikuwa na usemi wake kwa wagonjwa wote: nguo kubwa zitoke nyumbani, mtu asijiachie mlango wa kurudi. Mwalimu aliuandika moyoni. Alikuwa ameona kwamba dada yake hakugawa hata gauni moja. Kila mwili ulipopungua, Fundi aliingiza mshono ndani zaidi na kuuacha ule wa zamani palepale, hata magauni yakawa na mishono minne, mitano, imefuatana kama mistari ya maji ukutani baada ya mafuriko. Mwalimu aliona mlango wa kurudi, umeachwa wazi. Aliona mkopo wake. Na zaidi ya yote, aliona ile hofu yake ya zamani ya wale waliorudi walikotoka.

Jumamosi moja, Fundi akiwa amekwenda kununua nyuzi, Mwalimu alichukua mkasi mkubwa akakata akiba zote. Gauni kwa gauni, upande kwa upande, akakata hadi karibu na mshono wa mwisho, akapanga vipande mezani, tena kwa rangi zake, akijiona amefanya jambo la upendo.

Fundi aliporudi alisimama mlangoni. Akaviangalia vile vipande. Akageuza gauni moja ndani nje, akapitisha kidole ukingoni.

"Umekata."

"Nesi alisema..."

"Nesi anajua tumbo. Nguo ni yangu." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Daktari alinikata bila akiba kwa sababu mimi nilimruhusu. Wewe nani kakuruhusu?"

"Sitaki urudi ulikotoka, dada. Nikiona unaacha nafasi..."

"Unadhani naacha kitambaa ili ninenepe?" Fundi aliketi, akafuta uso kwa pindo la khanga. "Mwili wa mtu hausimami, mdogo wangu. Wangu hausimami, wako hausimami. Miaka yote hii unadhani nilikuwa nawaachia watu nafasi kwa sababu nawatakia mabaya? Tumboni mwangu sina tena akiba. Kila asubuhi naamka nalijua hilo. Nikila kwa kisosi nalijua. Niachie basi kwenye nguo."

Mwalimu alilia. Fundi alimwacha alie kidogo, kisha akamsogezea boksi la vifungo. "Tenga vyeupe na vya rangi ya maziwa," alisema. "Machozi yasidondoke kwenye kitambaa cha mtu."

Mwaka wa pili, kama daktari alivyosema tangu mwanzo, uzito ulisimama, kisha ukarudi kidogo. Gauni lake moja la kijani likambana mbavuni, na ndani hapakuwa na cha kufumua. Fundi hakusema neno la kumchoma mtu. Alikata ukanda wa kitambaa cheusi, akautia ubavuni kote kuwili waziwazi, akalivaa hivyo hivyo kliniki. Alirudi kwenye kisosi chake kwa bidii, akarudi kwenye matembezi. Kilo zilipoondoka tena, aliuacha ule ukanda mweusi ulivyo. Na watu walimwomba awashonee magauni ya namna ile.

Lakini yote hayo yalikuwa kando ya jambo lenyewe, na jambo lenyewe lilikuwa chini ya khanga. Miezi ya mwanzo alishona kwa mkono na kwa mashine ya kuazima, kazi za pindo na vifungo. Kisha asubuhi moja akaifunua cherehani ya mama yao, akaitia mafuta, akabadilisha mkanda, akaketi. Hakutia uzi. Aliweka miguu juu ya ubao akakanyaga, gurudumu likaenda nusu, likarudi nyuma. Goti likalia. Akakanyaga tena. Mwalimu alimkuta hivyo mara nyingi kabla ya kwenda shuleni, dada yake anakanyaga mashine isiyoshona kitu, uso umekunjamana, kama mtu anayepanda kilima akiwa amekaa. Hakukata tamaa wala hakujisifu. Magoti yalipungukiwa na mzigo, mwalimu wa mazoezi pale hospitalini akayakaza misuli, na daktari wa mifupa akasema kisu kwanza kisubiri. Wiki kwa wiki gurudumu likamaliza duara. Siku alipotia uzi hakumwambia mtu. Mwalimu alijua tu kwa kuwa mlio ulibadilika.

Mwaka huu shule ya jirani ilimpa Fundi sare za kidato kizima. Fundi wa ng'ambo alivuka barabara kuja kuona.

"Kwa mashine ya kukanyaga?" alisema. "Ukishindwa niletee, nikumalizie kwa ile yako."

"Itunze tu," Fundi alimjibu bila kuinua kichwa. "Na usiinyime mafuta. Ikikosa mafuta inanuna."

Alizimaliza. Kaka mtu alikuja na gari la duka kuzibeba, akasimama katikati ya chumba akitazama mafungu ya sare yaliyofika kifuani mwake, na dada yake amesimama mezani bila mkongojo, anakunja ya mwisho. Kisha akabeba mafungu mawili kwa mpigo.

Mwalimu alikuwa amekuja kusaidia vifungo. Alijinyoosha kufikia kikapu kwenye rafu, na gauni lake la bluu, aliloshonewa na dada yake miaka ile ya kuanza kazi, likalia kwenye mshono wa kwapa. Alishusha mkono haraka, akitumaini hakuna aliyesikia. Yeye naye alikuwa amepita arobaini, na hivi karibuni vioo vilikuwa havimsemi vizuri.

Fundi alisikia. Alivuta kiti, akaketi kwenye cherehani nyeusi, akaweka miguu juu ya ubao, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Livue nilifumue," alisema. "Lako, vidole viwili bado vimo."